Msaada: kuseti imeli ya ofisi kwenye simu kwa mkono, nichague IMAP au POP3?

Mwana_Uyole: Wakuu habari za jioni, nipo Mbeya huku baridi kama lote. Nataka kuseti imeli ya ofisi kwenye simu, sio Gmail, ni ile yenye jina la kampuni mwishoni. Nikiweka anwani na paswedi inaniletea kikurasa cha kujaza mwenyewe, seva ya kupokea, seva ya kutuma, poti, sielewi kitu. Na hapo IMAP na POP3 nichague ipi? Nataka iwe imekaa sawa kabla ya kesho asubuhi.

FundiKabwe: Weka IMAP, hiyo inasoma barua palepale kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza imeli zenu; POP3 inazishusha kwenye simu. Seva ya kupokea mara nyingi ni mail, nukta, halafu domeni ya kampuni (yale maneno baada ya @), poti 993, usalama SSL. Kutuma poti 465, ikigoma weka 587 na STARTTLS. Jina la mtumiaji andika imeli nzima pamoja na kilicho baada ya @, wengi wanakwama hapo. Na kwenye seva ya kutuma weka tiki panaposema inahitaji kuingia, usipoweka utapokea tu, kutuma hutumi.

Mwana_Uyole: Ubarikiwe mkuu. Sasa nikiweka hiyo IMAP barua za zamani zinarudi?

FundiKabwe: Zinarudi kutoka wapi? IMAP inakuonyesha kilichopo kwenye seva. Kwani zimeenda wapi?

Mwana_Uyole: Nauliza tu mkuu.

Konda_Mstaafu: Mimi simu ilichukuliwa stendi ya Makambako mwaka juzi nikinunua mahindi ya kuchoma dirishani, nimegeuka kuchukua chenji simu haipo. Imeli, picha za harusi, namba za watu wote kwaheri. Mpaka leo sinunui kitu dirishani.

Mama_Kreti: @Konda_Mstaafu pole. Na chenji uliipata?

Konda_Mstaafu: Chenji nilipata.

FundiKabwe: Mleta mada, mtu hawezi kuulizia barua za zamani bure bure. Mwanzo uliseti POP3 eti? Sema ukweli tukusaidie.

Mwana_Uyole: Ndio, POP3, niliona ndo ya kwanza kwenye orodha. Pale panapouliza zifutwe lini kwenye seva nikachagua nikizifuta kwenye inboksi. Sasa Ijumaa simu ikajaa, ikawa inagoma hata kupiga picha, nikafuta zote. Takataka nayo nikasafisha. Jumamosi mama mdogo kafungua kompyuta ya ofisi anakuta peupe. Ofisi ni yake, ananunua parachichi Tukuyu anapeleka kwa wateja wa nje, oda zote zilikuwa humo.

Mama_Kreti: Mama mdogo wako ananunua kilo bei gani? Huku Njombe madalali wanatumaliza.

Mzee_wa_Kiwira: Vijana mnapewa ofisi za watu mnachezea kama kalkuleta. Enzi zetu barua ilikaa kwenye faili, na faili lilikuwa na kamba.

FundiKabwe: Umemwambia?

Mwana_Uyole: Nimemwambia wadukuzi wameingia. Msinilaumu, ana presha, na mimi ndo kwanza mwezi wa pili pale. Nikiiseti upya kesho nitasema wadukuzi wametoka.

Dada_wa_Gangilonga: Wadukuzi wametoka 😂😂😂 wameaga?

Jicho_la_Mwewe: Wakuu hii chai, na imekolea tangawizi. Huyu wiki iliyopita alikuwa hapahapa anatafuta kibarua cha mbao Mafinga, leo ana miezi miwili kwenye ofisi ya parachichi. Mama mdogo gani huyo? Leta picha ya hiyo inboksi tupu.

Mwana_Uyole: Ile ya mbao aliandika kaka angu, tunatumia akaunti moja. Picha siweki, jina la kampuni linaonekana.

Jicho_la_Mwewe: Kaka. Sawa.

Dada_wa_Gangilonga: Iringa tunakunywa na maandazi, endelea mkuu.

FundiKabwe: Chai au sio chai mimi namjibu, maana yupo mwingine atasoma hapa amefuta kweli. POP3 inagusa inboksi tu. Barua ambazo mama mdogo alituma kwa kompyuta, kama anatumia kwa brauza, zipo kwenye folda ya zilizotumwa palepale kwenye seva. Alipomjibu mteja, maneno ya mteja kwa kawaida yanabaki chini ya jibu lake. Anza hapo. Kingine, wapigie waliowauzia hostingi, wale wanaotunza seva yenu, LEO waulize bakapu, sio kesho, maana bakapu mpya huwa inakalia ya zamani. Zitakazokosekana waombeni wateja watume upya, kwao bado zipo. Ila ili waombwe lazima mama mdogo ajue. Na hilo la wadukuzi lifute, atabadilisha paswedi zote ubaki nje na wewe.

Mwana_Uyole: Kumbe ndo maana. Saa kumi ilikuwa inakubali, sasa hivi inasema paswedi sio sahihi.

Dada_wa_Gangilonga: 😂😂😂😂

Mwana_Uyole: Wakuu anapiga. Nipokee?

Mzee_wa_Kiwira: Pokea, na usianze na salamu ndefu.

Mama_Kreti: Pokea mwanangu. Halafu umuulize kilo bei gani.