Tupeane uzoefu: maeneo ya kihistoria na njia za miguu mashambani mwa Ufaransa

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kila majira ya joto yanapokaribia huulizwa hapa swali lile lile la wapi pa kwenda, na majibu nayo huwa ni yale yale: Paris, fukwe za kusini, basi. Safari hii ningependa tuzungumzie mashambani, yaani vijiji, ngome, mapango na njia za miguu, kwa sababu nchi hii ina zaidi ya kilometa 180,000 za njia zilizowekewa alama, na nyingi kati ya hizo hupita penye historia ambayo hutaiona ukiwa ndani ya treni ya mwendokasi. Tafadhali eleza ulikokwenda, ulichokiona kwa macho yako, na jambo ambalo mgeni anapaswa kulijua kabla hajafunga mkoba. Picha za mnara wa Eiffel zina uzi wake.

Naanza mimi, na Conques, kijiji cha Aveyron kilicho kwenye njia ya mahujaji itokayo Le Puy-en-Velay kuelekea Santiago de Compostela nchini Uhispania. Sehemu ya njia hiyo iliyo ndani ya Ufaransa ina urefu wa zaidi ya kilometa 700 na hujulikana kwa namba yake, GR 65, lakini hakuna anayekulazimisha kuimaliza. Mimi na mume wangu tulichagua kipande kifupi tu, tukawa tunalala katika nyumba za wasafiri wa miguu ziitwazo gîte, ambamo mtu hupata kitanda katika chumba cha pamoja na chakula cha jioni kwenye meza moja na wageni wengine. Alama yake ni mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa kwenye miti, kuta na nguzo. Ukiona mistari hiyo imepishana kama msalaba wa X, umeshika njia isiyo yako.

Kijijini unaingia kwa mteremko mkali, kisha ghafla unaona minara ya kanisa la abasia chini yako. Juu ya mlango wake mkuu kuna jiwe la nusu duara lililochongwa Siku ya Hukumu katika karne ya 12: wateule wamepangwa kwa utulivu upande wa kuume wa Kristo, na upande wa pili mashetani wanafanya kazi yao kwa bidii. Wengi hupiga picha ya jehanamu na kuondoka. Mimi nawashauri mtazame ukingo wa nje, ambako kuna nyuso ndogo zinazochungulia, vidole vimeshika ukingo wa jiwe, kama watoto waliozuiwa kuingia arusini. Ndani, madirisha yaliyobuniwa na Pierre Soulages na kuwekwa mwaka 1994 hayana picha wala rangi. Ni vioo vyeupe vilivyokatwa kwa mistari myeusi. Mume wangu aliuona huo kuwa umaskini. Mimi naona kuta zile hazikuhitaji zaidi.

Mkaazi wa Besançon

Ahsante sana, dada, kwa mada hii. Naomba niwapeleke mashariki, karibu na mpaka wa Uswisi, kwenye ngome ya Joux, kilometa chache kutoka mji wa Pontarlier. Imejengwa juu ya mwamba unaotazama njia nyembamba kati ya milima, na kwa karne nyingi aliyeishika ngome hiyo aliishika na barabara. Mimi hata hivyo sikwenda kwa ajili ya kuta. Nilikwenda kwa ajili ya Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, akawa jemadari na kiongozi wa kisiwa kile, kisha akakamatwa mwaka 1802 kwa amri ya utawala wa Napoléon Bonaparte na kuletwa huku kwenye baridi. Alifariki ndani ya ngome hiyo tarehe 7 Aprili 1803. Haikupita hata mwaka mmoja, kwani tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru wake.

Chumba alichofungiwa kinaonyeshwa kwa wageni. Ni chumba chenye dari ya mawe iliyopinda, kina mahali pa kuwashia moto, na dirisha lake limezibwa kiasi kwamba nuru huingia kwa shida. Nilikwenda wakati nje kuna jua, na bado niliufunga ukosi wa koti. Mtu aliyezoea joto la Karibiani alipitisha humo majira yote ya baridi, huku akiandika barua za kutaka ahukumiwe mahakamani, na hakuhukumiwa kamwe. Mwongozaji wetu alilieleza jambo hilo bila kulipamba, nami nilimshukuru kwa hilo.

Mwenye nafasi aongeze na kijiji cha Champagney, katika Haute-Saône. Mnamo Machi 1789, wakati kila parokia ilipotakiwa kumwandikia mfalme malalamiko yake, wanakijiji wa pale waliandika, pamoja na shida zao za kodi, ombi la kukomeshwa kwa utumwa wa watu weusi. Walikuwa wakulima ambao bila shaka wengi wao hawakuwahi kumwona Mwafrika ana kwa ana. Inasimuliwa kuwa walimfahamu kupitia mchoro wa kanisani wa Mamajusi watatu, ambamo mmoja wao, Baltazari, ni mweusi. Tangu mwaka 1971 kijiji kina makumbusho ya habari hiyo. Si makubwa, na asiyejua Kifaransa atasoma kwa taabu, lakini nimewapeleka wanangu na nitawapeleka tena. Ila msidhani Joux na Champagney ni jirani. Kila pahala pahitaji siku yake.

Mama wa Lubumbashi, Lyon

Kaka wa Besançon umenigusa. Kwa sisi wa Lyon kuna Chasselay, kaskazini kidogo ya mji, ambako katikati ya mashamba pamejengwa makaburi ya askari wa Kiafrika yanayoitwa Tata sénégalais. Ukitokea barabarani unaona ukuta mwekundu wa rangi ya udongo, wenye vilele vilivyochongoka na miti iliyochomoza ukutani kama ilivyo katika misikiti ya Sahel, na mlango mzito wa mbao uliochongwa vinyago. Utashangaa umetua wapi.

Askari hao walipigana na Wajerumani tarehe 19 na 20 Juni 1940, wakati serikali ilikwisha kuomba mapigano yasitishwe. Waliposalimu amri, weusi walitengwa na wenzao weupe, wakapigwa risasi za bunduki za rashasha. Afisa mmoja wa huduma za maveterani, Jean Marchiani, alizunguka kukusanya miili yao iliyokuwa imetawanyika, akajenga mahali hapa, na mnamo Novemba 1942 pakazinduliwa, udongo ukiwa umeletwa kutoka Dakar. Makaburi yanakaribia 200. Jina linasema Senegal, lakini watu wale walitoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, na kwenye baadhi ya makaburi hakuna jina, kuna neno “asiyejulikana” tu.

Sisi hufika asubuhi, tukasali, kisha tukaendelea na vijia vya vilima vya Monts d'Or, ambavyo alama yake ni mstari mmoja wa njano. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya rangi ya dhahabu. Watoto hukimbia mbele, nasi watu wazima tunapata nafasi ya kuzungumza tuliyoyaona.

Mwanafunzi, Toulouse

Shikamooni. Mchango wangu ni mfupi. Wenye hamu ya michoro ya kale wafahamu kuwa pango la asili la Lascaux, lililogunduliwa na vijana mwaka 1940, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaiharibu michoro yake. Kinachotembelewa sasa, katika mji wa Montignac ulio karibu na pango hilo, ni nakala, na ile kubwa kuliko zote ilifunguliwa mwaka 2016. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, sikatai. Lakini mimi nilipendelea Pech Merle, karibu na kijiji cha Cabrerets katika bonde la mto Célé, kwa kuwa humo bado unaingia pangoni penyewe na kuwaona farasi wawili wenye madoadoa, wamezungukwa na alama za viganja vya mikono. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo wakati wa likizo tiketi iagizwe mapema. Nina swali moja kwa wazoefu: asiye na gari, na anayeogopa mbwa, afanyeje?

Mstaafu wa Grenoble

Marahaba, mwanangu. Treni za mkoa zitakufikisha mji mdogo ulio karibu. Kutoka hapo, sehemu nyingi zina mabasi ya kuagizwa kwa simu, ambayo huja iwapo tu kuna abiria aliyejiandikisha, mara nyingi siku moja kabla. Siku za Jumapili usitegemee chochote. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, na mengine hayafunguliwi Jumatatu, hivyo nunua mkate mapema. Maji yakikuishia, tafuta makaburi ya kijiji, kwani huwa pana bomba la kumwagilia maua, na wasafiri wa miguu hulitumia. Soma kwanza kama hapajaandikwa kuwa maji hayanyweki.

Kuanzia vuli mpaka mwisho wa majira ya baridi ni msimu wa uwindaji. Ukikuta kibao cha “chasse en cours”, yaani uwindaji unaendelea, vaa kitu chenye rangi kali, kaa njiani, na usione haya kuongea kwa sauti. Ukitoka kwenye nyasi ndefu jikague kupe miguuni na nyuma ya magoti, maana wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.

Kuhusu mbwa: katika Alpi na Pirenei utakutana na mbwa wakubwa weupe waitwao patou, wanaolinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu. Wamezaliwa na kukulia ndani ya kundi, na wanakuhesabu wewe kuwa mgeni. Usikimbie, usiwatishie fimbo, usiwapapase hata wakionekana wapole, wala usikatize katikati ya kondoo. Lizunguke kundi kwa mbali, hata kama ni kupanda kilima upya. Mbwa akikujia akibweka, simama, ongea naye kwa sauti ya kawaida, mwache akukague. Akisharidhika atarudi kwa kondoo wake, nawe utaendelea na safari.