Mitumba ipigwe marufuku? Wana Nyanda za Juu tuongee

Kijana_Mafiati: Wakuu habari za jioni. Mnakumbuka 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatutikisia AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru, wengi tukarudi nyuma, Rwanda ikakomaa, na 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru kule. Leo nimepita sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mitumba imemwagwa mpaka njiani. Tuirudishe hoja ile au tuache watu wavae?

Pamba_Tupu: Irudi hata kesho. Tulikuwa na viwanda vya nguo, Urafiki, Mwatex, Mutex. Sasa pamba tunalima wenyewe, nyingi inauzwa nje ghafi, halafu tunasubiri nguo aliyoichoka mtu wa Ulaya. Na hamna haya, mnavaa hadi chupi za watu!

MamaBelo: Chupi umeziona kwa nani wewe? TBS, wale watu wa viwango, walishazipiga marufuku zamani. Mimi nauza makoti na masweta ya watoto, na ada za wanangu zimetoka humo. Hata belo hujawahi kulifungua. Unakata ile mikanda roho mkononi: juu makoti safi, chini mashati yamefanya njano kwapani na zipu zimeng'oka. Aliyekuuzia hapokei simu tena.

Pamba_Tupu: Zinauzwa dada, nimeziona kwa macho yangu.

Mbena_Halisi: Ulikuwa unatafuta nini huko kwenye chupi, kaka?

Pamba_Tupu: Nilikuwa napita tu.

Mbena_Halisi: Wote huwa wanapita tu.

Mwl_Uyole: Jamani tutoke kwenye chupi. Mnaosifia nguo mpya za bei chee, Rana Plaza mmeisahau? Bangladesh, Aprili 2013, jengo la ghorofa nane la viwanda vya nguo liliporomoka. Nyufa zilionekana jana yake, benki ya chini ikaondoa watu wake, washonaji wa juu wakaambiwa warudi kazini. Likawaangukia, wakafa zaidi ya 1,100. Na fulana moja tu ya pamba inakadiriwa kula lita 2,700 za maji.

Fundi_Kabwe: Lita 2,700 mwalimu? Hiyo fulana wanaifua tangu lini?

Mwl_Uyole: Maji ya shambani, fundi. Ulizia Bahari ya Aral, mito yake ilichepushwa kumwagilia pamba, leo kuna meli zimekaa mchangani. Na wewe MamaBelo, yasiyouzika unayapeleka wapi?

MamaBelo: Gereji, wanafutia oili.

Mwl_Uyole: Gereji wanataka pamba. Polista hainyonyi vizuri kama pamba, mafundi wanaikataa. Hiyo inaishia kuchomwa jalalani, na ule moshi tunauvuta wote. Ghana, pale Accra kwenye soko la mitumba la Kantamanto, wanalia hivyo hivyo, mabaki yanafika hadi ufukweni.

MamaBelo: Kwa hiyo mwalimu kosa ni langu, aliyeifunga huko Ulaya ni malaika?

Mbena_Halisi: Kamwene wote. Pamba_Tupu yuko Dar huyu, ameshajulikana. Njoo Njombe Juni na hiyo batiki yako uone. Asubuhi nyasi nyeupe, mtoto anakwenda shule mikono ameificha ndani ya sweta la mtumba. Sweta jipya zito la bei ile unishonee wewe?

Mndali_Asili: Njombe nako mnakuita baridi? Nenda Kitulo.

Mbena_Halisi: Kitulo kwani iko kwenu? Iko Makete, mkoa wa Njombe. Nyie lindeni ndizi zenu.

Mndali_Asili: Ndizi ambazo mnazifuata na malori.

Kijana_Mafiati: Ndugu zangu, mada.

Fundi_Kabwe: Mada ni hii: mitumba ikiondoka sisi mafundi tutapumua. Leteni vitambaa.

Dada_Soweto: Fundi, wewe ndiye unaongea? Kitenge changu nilikuletea kabla ya Pasaka. Kila nikija "njoo Ijumaa". Gauni likatoka linanibana kifuani, na mwanao Jumapili nimemwona kanisani na shati la kitenge hicho hicho.

Pamba_Tupu: Duh.

Fundi_Kabwe: Dada hayo si ya humu, njoo inboksi. Na kitenge kile kilikuwa na upana mdogo.

Dada_Soweto: Upana mdogo, shati limetoka wapi?

MamaBelo: Mwaga yote dada, tunasoma.