Ben Stokes na wachezaji wakubwa wa pande zote (wanaopiga na kurusha): tumpime kwa kipimo gani?

Mwana wa Shangani (Mtwara Mjini)

Habari zenu, ndugu zangu. Najua kwamba huku kwetu Kusini mazungumzo ya michezo huanza na Namungo na kuishia na Simba na Yanga, lakini naamini wapo wachache wanaofuatilia kriketi. Naomba mnisaidie katika jambo lililotugawa hapa Mtwara tangu Julai 2025. Katika mechi ya Testi (ya siku tano) iliyochezwa Old Trafford, Manchester, nahodha wa Uingereza Ben Stokes aliwatoa wapigaji watano wa India katika zamu yao ya kwanza, kisha akapiga senchuri (mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja), na katika mechi hiyohiyo akawa mchezaji wa tatu katika historia kufikisha mikimbio 7000 (alama za kupiga) na wiketi 200 (wapigaji aliowatoa) za Testi. Waliomtangulia ni wawili tu, Garfield Sobers wa West Indies na Jacques Kallis wa Afrika Kusini.

Rafiki yangu mmoja anasema kwamba hapo mjadala umefungwa: orodha hiyo haina Imran Khan wa Pakistan, haina Ian Botham wa Uingereza, haina Kapil Dev wa India, kwa hiyo Stokes amewapita wote na kilichobaki ni kupanga nani wa kwanza kati ya watatu. Mimi nasita. Sobers alistaafu mwaka 1974 akiwa na wastani wa 57.78 katika kupiga na 34.03 katika kurusha, na Kallis alimaliza mwaka 2013 akiwa na 55.37 na 32.65. Stokes anapiga kwa wastani wa 35 na ushei na kurusha kwa 31 na ushei. (Kwa wasiouzoea mchezo huu: wastani wa mpigaji ni mikimbio anayopata kwa kila mara anapotolewa, ukipanda ndiyo sifa; wa mrushaji ni mikimbio anayotoa kwa kila wiketi, ukishuka ndiyo sifa.) Pengo la mikimbio ishirini katika kupiga si dogo hata kidogo, na sijui ni kwa hesabu gani mtu anaweza kulifumbia macho.

Swali langu basi ni hili: Stokes anastahili kukaa na wakubwa hao, na kama anastahili, ni kwa kipimo gani?

Mkaa Mikindani

Ndugu yangu, umefanya vizuri kusita. Orodha ya mikimbio 7000 na wiketi 200 ni ya kweli, lakini mwenye kuitunga ndiye aliyechagua mahali pa kukata. Tukikata kwenye mikimbio 5000 na wiketi 350, wanabaki Botham, mwenye mikimbio 5200 na wiketi 383 katika mechi 102, na Kapil Dev, mwenye mikimbio 5248 na wiketi 434 katika mechi 131. Sobers, Kallis na Stokes wote wanatoka nje. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba kwa sababu hiyo Kapil Dev ni bora kuliko Sobers.

Wengi hutumia njia ya kutoa wastani wa kurusha kutoka kwenye wastani wa kupiga. Ukifanya hivyo, Sobers anabakiwa na 23 na ushei, Kallis 22 na ushei, Imran karibu 15, Botham 5, na Stokes 4 hivi. Njia hii inafaa kuanzia, ila ina kasoro kubwa kwamba haiulizi mtu alifanya kazi kiasi gani. Sobers alirusha mipira 21,599 katika mechi 93, na Kallis alirusha mipira 20,232 katika mechi 166. Maana yake ni kwamba Sobers alibeba karibu ova 39 (ova moja ni mipira sita) kwa kila mechi na Kallis 20 tu, na baada ya kazi hiyo bado Sobers alipiga kwa wastani wa juu kuliko mwenzake. Alirusha mpira mpya kwa kasi ya wastani, na mpira ukichakaa alirudi kuzungusha kwa vidole au kwa kifundo cha mkono, yaani nahodha alikuwa na warushaji watatu katika jezi moja. Kwa haki lazima niongeze kwamba alihitaji karibu mipira 92 kupata kila wiketi, wakati Kallis alihitaji 69. Sobers alikuwa mbeba mzigo kuliko mvunja ngome.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kumnyang'anya mchezaji kazi moja na kuuliza kama bado angechaguliwa kwa ile nyingine. Sobers angechaguliwa kwa kupiga peke yake, tena angekuwa jina la kwanza kuandikwa. Mtu aliyepiga 365 bila kutolewa dhidi ya Pakistan pale Kingston mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 21, hahitaji kutetewa. Kallis vivyo hivyo, kwa senchuri zake 45. Imran na Richard Hadlee wa New Zealand wangechaguliwa kwa kurusha peke yake katika timu yoyote ya wakati wowote, kwa kuwa wote wawili walimaliza na wastani wa 22. Stokes hafiki hapo kwa upande wowote. Wastani wa 35 ni wa mpigaji mzuri wa namba sita ambaye mashabiki huanza kumnung'unikia akikosa mikimbio mechi nne mfululizo, na wiketi mbili kwa mechi si za mrushaji tegemeo. Namheshimu sana, lakini namweka daraja moja chini yao.

Binti wa Ligula

Shikamoo Mkaa Mikindani. Hesabu zako ni safi, ila kipimo chako kinamnyang'anya mchezaji wa pande zote kile kinachomfanya awe wa pande zote. Thamani yake ni kwamba yote mawili yanatoka kwa mtu mmoja, siku ileile, tena amechoka.

Chukua Headingley, Agosti 2019, dhidi ya Australia. Uingereza ilitolewa yote kwa mikimbio 67 katika zamu ya kwanza. Katika zamu ya pili ya Australia Stokes alirusha zaidi ya ova 24 na kupata wiketi tatu, na bila kazi hiyo lengo lisingebaki 359, lingekuwa mbali zaidi. Alipoingia kupiga jioni alikabili mipira 50 na kupata mikimbio miwili tu, kwa sababu alijua kwamba akitoka yeye mechi imekwisha. Kesho yake wiketi ya tisa kati ya kumi ilianguka ikiwa 286, na aliyekuja kumsaidia alikuwa Jack Leach, mrushaji, ambaye kila baada ya muda alisimama kufuta miwani yake kwa kitambaa. Ilibaki mikimbio 73. Wawili hao walipata 76, na katika hizo Leach alichangia mmoja. Stokes aliufanya uwanja uwe mdogo: akipiga sita (mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini) anainamisha kichwa, na Leach akikabili mpira hatazami, anaangalia chini. Alimaliza na 135 bila kutolewa.

Wastani wa 35 haukuambii chochote kuhusu siku hiyo. Wala haukuambii kuhusu fainali ya Kombe la Dunia mwezi mmoja kabla yake, pale Lord's, alipobaki na 84 bila kutolewa, wala fainali ya ova 20 ya Melbourne mwaka 2022, alipobaki na 52 bila kutolewa. Kwangu mimi mchezaji aliyesimama wima siku kama hizo anakaa meza moja na wakubwa, na asiyetaka alete majina ya waliofanya hivyo mara nyingi zaidi.

Mzee wa Daftari (Lindi)

Marahaba nyote. Binti umeomba majina, mimi nakuletea moja, tena kutoka uwanja uleule na dhidi ya wapinzani walewale.

Ujana wangu niliutumikia katika duka la vitambaa hapa Lindi, na mwenye duka alisikiliza matangazo ya kriketi kwa redio ya masafa mafupi huku akijaza daftari kwa penseli: majina kushoto, mikimbio katikati, wiketi kulia. Daftari lile ninalo mpaka leo, ingawa mchwa wamekula pembe moja. Ukurasa wa Julai 1981 una mistari miwili mizito chini ya jina la Botham, na tarakimu zenyewe zinaeleza sababu. Alikuwa ndiyo kwanza ameacha unahodha baada ya kutolewa na sifuri katika zamu zote mbili pale Lord's. Ilipofika Headingley, Australia ilipiga 401 na kutangaza imetosheka. Katika zamu hiyo Botham alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 95. Uingereza ikajibu kwa 174 tu, na 50 kati ya hizo zilikuwa za Botham. Ikalazimishwa kupiga tena papo hapo, ikafika 135 kwa wiketi saba, bado ikiwa nyuma kwa mikimbio 92. Hapo ndipo Botham alipopiga 149 bila kutolewa, akisaidiwa na Graham Dilley aliyepata 56. Australia ikatakiwa kupata 130, ikaishia 111, kwa kuwa Bob Willis alichukua wiketi 8 kwa 43.

Sasa linganisha kwa utulivu. Stokes mwaka 2019 alikuwa na zamu moja kubwa ya kupiga na kipindi kimoja kirefu cha kurusha. Katika zamu ya kwanza alitoka na mikimbio minane. Botham alichukua wiketi sita, akapata mikimbio mingi kuliko mwenzake yeyote katika zamu ya kwanza, kisha akapiga 149. Nakubali kwamba mwaka 1981 kazi ya mwisho ilimalizwa na Willis, na kwamba Stokes alikuwa uwanjani mpaka mpira wa mwisho, na kwa hiyo presha ya 2019 ilikuwa kubwa zaidi. Lakini kama tunazungumzia pande zote mbili katika mechi moja, mechi ya Botham ni nzito kuliko ya Stokes. Na ukigeuza ukurasa, Februari 1980 pale Bombay, kuna mikimbio 114 na wiketi 13 katika mechi moja. Stokes hana mechi kama ile.

Kilichomwangusha Botham ni miaka ya baadaye. Alifikisha mikimbio 1000 na wiketi 100 katika mechi 21 tu, kisha mgongo na uzito vikamlemea, na wastani wake ukaharibiwa na miaka ambayo angeweza kupumzika.

Kijana wa Masasi

Naomba niingize jambo dogo. Wastani hutegemea pia umecheza na nani. Sobers hakuwahi kukutana na timu dhaifu ya kujazia takwimu kama Zimbabwe, na Afrika Kusini hakukutana nayo kabisa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kallis dhidi ya Zimbabwe ana wastani wa zaidi ya 160. Sisi wa ukanda huu tunajua vizuri mambo haya, maana katika Kombe la Dunia la 1975 timu ya Afrika Mashariki, iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilimpa Bishan Bedi wa India mikimbio sita tu katika ova 12. Namba kama hizo zikiingia kwenye wastani wa mtu, zinang'aa bila jasho.

Na mbona hakuna aliyemtaja Thomas Odoyo wa Kenya? Mechi za Testi hakupata kwa sababu nchi yake haikupewa hadhi hiyo, lakini katika mechi za siku moja alivuka mikimbio 2000 na wiketi 100.

Mwana wa Shangani (Mtwara Mjini)

Nashukuru sana wote, Mzee wa Daftari kwa namna ya pekee. Odoyo nakubali, ila tukimwingiza tutachanganya mechi za siku moja na za siku tano. Nabakiwa na jambo moja. Mkaa Mikindani anamweka Imran juu, lakini Imran ana wastani wa kupiga wa 37.69, ambao haumzidi Stokes kwa mbali. Mbona yeye hanung'unikiwi?

Mkaa Mikindani

Kwa sababu 37 yake ni ya watu wawili tofauti. Imran alianza mwaka 1971 akiwa mrushaji anayejaribu kupiga, na katika miaka yake kumi ya mwisho alipiga kwa wastani wa 50 hivi na kurusha kwa 19 hivi. Mfupa wa mguu ulipopata ufa, akashindwa kurusha, alikwenda Australia msimu wa 1983/84 akacheza kama mpigaji tu, na alistahili nafasi hiyo. Stokes naye alipobanwa na goti mwaka 2023 alicheza kama mpigaji na nahodha, kisha akafanyiwa upasuaji Novemba mwaka huohuo, lakini kilichombakiza kikosini kilikuwa unahodha kwa kiasi kikubwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

Binti wa Ligula, sikatai Headingley, na Mzee ametusaidia kuiweka mahali pake. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: Sobers peke yake juu, Imran na Kallis chini yake wakigombania nafasi ya pili kwa sababu zinazopingana, kisha Botham, Hadlee, Kapil Dev na Keith Miller wa Australia, ambaye kwa wastani wake wa 36.97 na 22.97 amesahauliwa bure. Stokes namwingiza katika kundi hilo la tatu, nyuma ya Botham na mbele ya Andrew Flintoff, aliyemaliza na 31.77 na 32.78.

Binti wa Ligula

Nyuma ya Botham nakubali, kwa sababu ya wiketi 383. Nyuma ya Kapil Dev siafiki mpaka mtu anionyeshe zamu yake moja ya Testi iliyookoa mechi kama ile ya 2019, na mkiniletea 175 dhidi ya Zimbabwe ya mwaka 1983 nitawakumbusha alichosema Mwana wa Shangani: hiyo ilikuwa mechi ya siku moja.