Mrejesho: violezo vya plastiki na majani ya mzabibu
Ndugu mafundi, mwezi uliopita niliuliza kwa nini violezo (vipande vya umbo vya kukunjia kitambaa) nilivyokata kwenye kifuniko cha ndoo vilijikunja kila nilipopiga pasi maua ya kushonea juu ya mfarishi. Nawashukuru sana kwa kunijibu kuwa plastiki ile haihimili joto la pasi. Nilitafuta plastiki inayostahimili joto, nikaacha pindo la kitambaa la milimita 6 kuzunguka kiolezo, nikalipaka wanga kwa brashi na kulikunjia juu ya kiolezo kwa pasi kavu. Zabibu za duara, nilizozizungushia kwanza uzi wa kuvuta, zimetoka safi kabisa. Majani ya mzabibu yamenishinda kidogo, kwani kwenye mabonde yake (kona zinazoingia ndani) pindo nililochanja lilifumuka, nikamalizia kwa kulisukumia ndani kwa ncha ya sindano. Kwa upepo huu wa Dodoma wanga hukauka upesi mno, hivyo paka kipande kimoja kimoja.