Redio ya VHF ya mkononi, ya kufunga botini au grupu la simu kwenye mashindano ya matanga?

TangaMbili: Wakuu habari, tuko boti kadhaa tunataka kuanza kushindana, mawasiliano ndo yanatugawa. Wengine wanasema VHF ya mkononi inatosha, wengine wanataka ile ya kufunga yenye antena juu ya mlingoti, vijana nao wanasema redio za nini tufungue grupu la WhatsApp tu. Mnaonaje?

omoni: Simu hapana mkuu. Ukitoka nje kidogo mtandao umekata, skrini ikilowa chumvi haishikiki, na ukipiga unasikika na mmoja. Redio ukiita, wote walio chaneli hiyo wamesikia hapo hapo.

msukani_wa_zamu: Kati ya mkononi na ya kufunga angalia kimo cha antena kwanza. VHF inakwenda karibu moja kwa moja, bahari ikijipinda umempoteza mwenzio. Ya mkononi iko usawa wa kifua, wawili wenye za hivyo mnasikizana kilomita chache tu, mawimbi yakiwa makubwa hata pungufu. Antena ikikaa mita 15 juu upeo wake ni kama kilomita 16, boti mbili za hivyo zinafika 30 hivi. Wati 25 dhidi ya 5 au 6 zinasaidia ila watu wanahangaika na wati mno.

JoshiLeo: Sawa ila mlingoti ukivunjika antena imekwenda nao 😅 hapo ya mkononi ndo mkombozi. Mi nasema zote mbili, ya kufunga kwa ajili ya kile kitufe chekundu cha DSC (wito wa dharura wa kidijitali) kinachotuma namba ya boti na mahali ulipo kwa chaneli 70 (uiunge na GPS lakini), ya mkononi ikae kwa mshika usukani, maana wakati wa kuanza nani ataacha kamba ashuke kabini kusikiliza kamati ya mashindano inataja nani kavuka mstari wa kuanzia mapema?

TangaMbili: Ahaa. Na tukishaanza, naweza kumtonya mwenzangu upepo uko upande gani?

omoni: Weee, unatafuta kuondolewa mashindanoni! Kanuni ya 41 ya mashindano ya matanga inakataza msaada wa nje, labda una mgonjwa au mtu yuko hatarini, au ni habari ambazo boti zote zinazipata bure. Na maelekezo ya mashindano mengi yanazuia kabisa kutuma sauti ila kwa dharura.

msukani_wa_zamu: Ipo nafasi moja lakini, kanuni ya 20. Mnapanda joshi (mnakwenda kuelekea upepo unakotoka), mbele mwamba, unamwita jirani akupe nafasi ya kubisha (kugeuza boti kupitia upepo) na kwa kelele za upepo hasikii. Tangazo la mashindano linaweza kusema wito huo upite VHF, kwa hiyo lisome kabla hujanunua kitu.

JoshiLeo: Na chaneli 16 msiigeuze kijiwe, ya dharura na kuitana tu, mkishaitana hamieni chaneli iliyotajwa na kamati, mkiwa karibu wati 1 inatosha. Alafu kagueni kitufe cha kuongelea kisibanwe chini ya mto wa kukalia, kikibanwa chaneli nzima imekufa na mwenyewe hana habari.