Fundi kabandua stairofomu ukutani, kaniachia taka uani na bili ya pili mkononi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu unawahusu hasa mlioko Ujerumani wenye nyumba za zamani au mnaotafuta kununua, na ndugu zetu wanaofanya kazi za kuta huku. Nina hasira, na leo nayamwaga yote.

Nyumba yetu iko jimbo la Hesse. Mwenye nyumba aliyetutangulia aliivisha stairofomu kwa nje miaka ya 90. Kwa wasioijua, ni bodi nyeupe nyepesi, jamii moja na zile zinazokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Huku wanaziita Styropor. Zinabandikwa ukutani kwa gundi ya saruji, zinapigwa fisha (plagi za plastiki za kuzishikiza), kisha juu unakuja wavu, lipu nyembamba na rangi, ili joto la ndani lisipotee wakati wa baridi. Zikibandikwa vizuri zinasaidia kweli, hapo sibishi.

Ila ukuta wetu wa kaskazini umekuwa kijani kwa miaka. Lipu yenyewe ni nyembamba na haipati joto kutoka ndani, kwa hiyo usiku inapoa kuliko hewa, umande unajikusanya juu yake na mwani unaota. Dawa ya mafundi ni rangi yenye sumu ya kuua mwani. Mvua inaiosha taratibu, inashukia kwenye bustani ambayo watoto wanachezea, na baada ya miaka michache unapaka tena. Vigong'ota nao wametoboa matundu chini ya paa, maana lipu ikigongwa inatoa mlio wa uwazi na ndege anadhani kapata mti uliooza. Kila tundu linaingiza maji.

Tukaona bora tubandue zote, tuanze upya. Kampuni ikaja, ikapima, ikaandika kwenye kadirio: kubandua na kuondoa taka, bei moja. Tukasaini.

Bodi ya kwanza ilipong'oka ndipo nikaelewa kwa nini kona ya chumba cha watoto ilikuwa haiishi ukungu. Nyuma ya bodi kulikuwa na mabonge matano ya gundi, basi. Ukingoni hakuna kitu. Kanuni ya kazi hii inajulikana na kila fundi: gundi izunguke ukingo wote wa bodi, katikati uweke mabonge, na gundi ishike angalau asilimia 40 ya eneo la bodi. Ukiacha ukingo wazi, hewa baridi inapita nyuma ya bodi kutoka msingini hadi paani, na umelipia koti lisilofungwa vifungo. Na moto ukiingia huko nyuma, unapata njia ya kupanda. Tarehe 29 Mei 2012 huko Frankfurt, hapa hapa Hesse, jengo lililokuwa bado linajengwa lilishika moto kwenye stairofomu ya ukutani, na ukuta ukawaka kuanzia chini mpaka juu. Aliyebandika hivi kwenye nyumba yetu alijua anachofanya, kwa sababu lipu ingeficha.

Sasa kiini cha malalamiko yangu. Mafundi wa kampuni hii walivunja kila kitu kwa pamoja: bodi, lipu, wavu, gundi, fisha, vyote ndani ya magunia yale yale. Niliwauliza mbele ya mkubwa wao kama haifai kutenganisha. Akanijibu hiyo ni kazi yao, nisiwe na wasiwasi. Kisha ikaja barua: tanuri la kuchomea taka limekataa mzigo kwa kuwa umechanganywa, kwa hiyo ama nilipe nyongeza ya kutenganisha na kusafirisha, ama mzigo ubaki kwangu. Nyongeza yenyewe inazidi bei ya kubandua! Magunia yamepangwa uani mpaka leo. Mengine yamechanika, upepo ukivuma punje nyeupe zinajaa kwa jirani, na mzee wa watu ameshakuja kulalamika. Ana haki kabisa.

Na msifikiri kampuni haikujua. Bodi za zamani zina kemikali ya kupunguza kasi ya moto inayoitwa HBCD. Haiozi, inajikusanya kwenye miili ya viumbe, na mwaka 2013 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Hapa Ujerumani, kuanzia mwishoni mwa Septemba 2016 taka zenye kemikali hiyo zilihesabiwa taka hatari. Matanuri mengi yakakataa kuzipokea, bei ikaruka hadi maelfu ya euro kwa tani, kazi nyingi za kubandua mapaa yenye bodi hizo zikasimama. Mwishoni mwa mwaka wakaahirisha sheria, na 2017 wakaja na utaratibu mpya: si taka hatari tena, lakini zikusanywe peke yake, zisichanganywe, na safari yake iwe na kumbukumbu. Hiyo ni habari ya 2017! Kampuni inayoishi kwa kubandua kuta haiwezi kuniambia leo kwamba imeshtukizwa.

Kinachouma zaidi ni hesabu yenyewe. Ukuta wa mita za mraba 120 wenye bodi za sentimita 10 unatoa mita za ujazo 12. Stairofomu ya ukutani ina kilo 15 hadi 20 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mzigo wote ni kama kilo 180 hadi 240, uzito wa watu watatu. Tena ikiwa safi inaungua vizuri kwenye tanuri kubwa la taka pamoja na taka nyingine, na moto ule mkali unaiharibu HBCD. Kilichogeuza kilo hizi chache kuwa balaa ni lipu na saruji vilivyochanganywa humo na watu waliolipwa wafanye kazi vizuri. Kituo cha taka cha mji kinapokea kiasi kidogo tu kutoka majumbani, tena iwe safi. Jalalani haiendi, maana tangu Juni 2005 Ujerumani hairuhusu kuzika taka za namna hii bila kuzishughulikia kwanza.

Ushauri niliopewa mpaka sasa unazidi kunitia hasira. Mmoja kaniambia nichome kidogo kidogo nyuma ya nyumba. Ule moshi mweusi wa moto hafifu wa uani una sumu, sitawavutisha watoto wangu wala wa jirani. Mwingine, Mtanzania mwenzangu, kasema nipakie kwenye kontena iende Bongo ikajengee mabanda ya kuku. Ndugu yangu, hapana. Tanzania nayo ni mwanachama wa mkataba huo huo, na kemikali inayokatazwa hapa haigeuki salama ikishuka bandarini Dar. Tusiwe sisi wa kuwapelekea ndugu zetu uchafu.

Silipi nyongeza. Kadirio lao linasema kuondoa taka, na aliyechanganya ni wao. Nimewaandikia barua yenye tarehe ya mwisho, nimepiga picha kila gunia na nyuma ya kila bodi niliyoweza kuishika. Wakikaidi, naenda kwenye usuluhishi wa chemba ya mafundi (chombo rasmi cha mafundi wa eneo), na baada ya hapo wakili.

Mnaotaka kununua nyumba iliyovishwa kabla ya 2014, hesabuni kwamba bodi zina HBCD mpaka mwenye nyumba awaonyeshe karatasi inayosema vingine, na gharama ya kuziondoa ikatwe kwenye bei. Mkataba na fundi uandikwe wazi: bodi zitenganishwe na lipu pale pale kwenye jukwaa la ujenzi, na mpewe karatasi ya tanuri lililopokea.

Maswali yangu kwenu: kuna aliyewahi kupita kwenye usuluhishi wa chemba hapa Hesse, na alipeleka ushahidi gani? Na wadau mlio kwenye kazi hizi, ni nani anapokea mzigo mdogo uliochanganywa, kwa gunia badala ya kontena zima? Wekeni hapa hapa, maana najua siko peke yangu.