Kipimo changu cha mwanga ni cha polepole, nifanyeje?

Nataka kuona tukio la pikosekunde chache (pikosekunde ni sekunde moja ikigawanywa kwa trilioni), ila kipimo changu hakitofautishi chochote chini ya nanosekunde 1, yaani pikosekunde 1,000. Ninunue kingine?

— Hela iache mfukoni. Gawa mara mbili mpigo wa leza ya femtosekunde (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde 1): wa kwanza uamshe sampuli, wa pili uichungulie. Sogeza kioo kinachorudisha mpigo wa pili milimita 0.15 tu; mwanga unakwenda na kurudi, kwa hiyo unachelewa pikosekunde 1. Rudia kwa kila ucheleweshaji; muda unaupima kwa kioo, si kwa kasi ya kipimo. Kwa ujanja huu mkemia Ahmed Zewail alipata Nobeli ya Kemia 1999. Mimi nilipoteza wiki nzima kwa skrubu moja iliyolegea!

— Hapo lazima tukio lijirudie. La mara moja tu? Pitisha mpigo kwenye uzi mrefu wa kioo (faiba): rangi zinafika kwenye kipimo kwa zamu, kila moja na kipande chake cha picha, kwa hiyo hata kipimo cha polepole kinazitofautisha.

— Langu linajirudia. Ngoja nikakaze skrubu.